Ukoma wa Fifi

Katika mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, watu walikuwa wameshasahau jina la Mgiriki wa kahawa aliyemwuzia Hippolyte ile Peugeot 504, lakini jina la gari lenyewe kila mtu alilijua. Liliitwa Fifi. Fifi alikuwa wa kijani, kijani cha chupa ya bia ikiinuliwa kwenye jua, na rangi yake ilikuwa bado ile aliyozaliwa nayo kiwandani. Brashi ya fundi haikuwahi kumgusa. Hippolyte alimwosha kila asubuhi kwa maji ya mvua, kwa kuwa maji ya kisima, alisema, yanaacha chumvi. Kisha alimfuta kwa kitambaa laini, akianzia juu akishuka chini, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto mchanga.

Mke wake Léonie, mshonaji, aliyeitwa Mama Véro kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa mbali, alikuwa akimtazama kupitia dirisha la chumba cha mashine.

"Munaona mbanda wangu?" aliwaambia wateja. "Mi niko mu ile ndoa tangu zamani, na bado hakuna mutu alinisugua mugongo hata siku moya."

Wateja walicheka. Léonie naye alicheka, ila si kwa moyo wote. Mbanda ni mke mwenza, hata akiwa na magurudumu.

Hata hivyo, ni yeye aliyemshonea Fifi koti. Mwanzoni Hippolyte alikuwa akimfunika kwa turubai la plastiki kwa ajili ya vumbi jekundu la kiangazi. Jua likapiga, jasho likanaswa chini ya plastiki, na siku moja Hippolyte akakuta malengelenge madogo juu ya kapo, yaani boneti ya injini. Alikosa hamu ya kula. Léonie akamhurumia, akachukua tepi yake ya kupimia, akampima Fifi kifua, kiuno na makalio, akashona kifuniko cha kitambaa kizito cha kaki chenye flanela kwa ndani. Kitambaa, tofauti na plastiki, kinapumua. Akaweka na kamba za kufungia chini ya tumbo, ili upepo usikipepeteshe kikasugua vumbi juu ya rangi. Majirani walikuja kutazama. Mama Élise, wa ng'ambo ya ua, alisema kuna watu Bunia hawana blanketi na gari la Hippolyte linavaa koti lenye bitana.

Halafu vita vikaja mpaka ndani ya mji. Mji ulitekwa, ukaachwa, ukatekwa tena na wengine, na kila kikundi kilichoingia kilianza kwa kuuliza funguo za magari. Gari la daktari lilichukuliwa, la padri likachukuliwa. Yalionekana baadaye barabarani yamepakwa matope, milango imeng'olewa, wanaume wenye bunduki wamekaa juu ya kapo kama kunguru. Hippolyte alimsukuma Fifi mpaka nyuma ya nyumba, akamwegesha kando ya ukuta wa jiko, akamfunga koti lake na kumrundikia kuni mbele. Akaacha kumwosha. Asubuhi alikaa tu kizingitini, kitambaa mkononi, hajui la kufanya na mikono yake.

Kuni hazikusaidia. Siku moja ya mwezi wa pili, mwaka wa elfu mbili na tatu, kamanda mmoja aliyeitwa Lionel aliingia uani na watu wake. Alikuwa kijana mtanashati, viatu vyake vinang'aa katika mji ambao viatu vya kila mtu vilikuwa vyekundu. Aliinua pindo la kifuniko kwa vidole viwili, akachungulia. Akainua zaidi. Uso wake ukalegea, na Léonie, aliyekuwa mlangoni pa jiko, akaujua ule uso. Ulikuwa uso wa mume wake.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Lionel.

"Ni yangu, mukubwa," alijibu Hippolyte.

"Ilikuwa yako. Siku ya posho, hii Jumamosi, naoa. Tina atatoka kanisa ndani ya hii."

Tina alikuwa binti wa tajiri wa samaki kutoka Tchomia, na watu walisema baba yake alikubali ndoa ile kama mtu anavyokubali kung'olewa jino. Lakini Lionel hakutaka kulichukua gari siku ile. Alikuwa na mkubwa wake juu yake, naye mkubwa huyo alipenda magari kuliko Lionel. Angeliona, lingekuwa lake kabla ya jua kuzama. Basi Fifi akae hapahapa, chini ya nguo yake, mpaka Jumamosi. Angeacha mlinzi.

Léonie akasogea mbele, mikono kifuani kwa heshima.

"Mukubwa, iko kitu kidogo. Hii nguo inaomba kufunguliwa saa ya muchana, gari ipate pumuzi. Ukiifunga siku zote na hii joto, rangi itagonjwa."

"Hakuna kufungua! Batu bataona. Mutu akifungua hii nguo, mi nitamufungua yeye."

"Itagonjwa, mukubwa."

"Mama, ulisikia?"

"Nilisikia," alisema Léonie, akapaza sauti mpaka Mama Élise akachomoza kichwa juu ya ua. "Batu bote basikie pia. Mi nilisema rangi itagonjwa, na mukubwa alikatala!"

Wakati ule hakuwa bado na mpango wowote. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo wa Léonie ulikuwa na tabia ya kutangulia, akili ikaufuata nyuma. Mpango ulikuja asubuhi iliyofuata, alipokuwa akikoroga uji wa unga wa muhogo wa kukazia kola za mashati ya wanakwaya. Kwenye ukingo wa sufuria, uji wa juzi ulikuwa umekauka. Ulikuwa umepasuka vipande vipande, umejikunja, umegeuka rangi ya kijivu kama ngozi ya mtu mgonjwa sana. Léonie aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka peke yake, akajifunika mdomo kwa kitenge.

Hakumwambia mumewe. Uso wa Hippolyte ulikuwa dirisha lisilo na pazia. Chochote kilichokuwa ndani, mpita njia alikiona. Isitoshe, hakuwepo. Kila asubuhi alivaa koti la Jumapili akaenda kambini kwa Lionel kumsihi, na huko walimweka juani mpaka mchana, wakamrudisha. Aliporudi alilala, uso ukutani.

Mlinzi aliitwa Marcellin. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyekuwa akilima mihogo kwao Aveba kabla vita havijamzoa, na bunduki yake ilining'inia kwa kamba ya katani. Aliwekwa mlangoni pa ua, macho barabarani, aangalie kama watu wa mkubwa wa Lionel wanakuja. Léonie alimpelekea kiti. Saa ya mchana akampelekea na sahani ya madesu, yale maharage ya mchuzi mzito, na wali juu yake.

"Mama, Mungu akubariki," alisema Marcellin. "Kule kwetu kambini tunakula muhogo na chumvi, na chumvi yenyewe iko ya wakubwa."

"Kula polepole, mwanangu. Yako nyingine."

Marcellin akala, mgongo kwa nyumba. Léonie akarudi jikoni, akafunga mlango, akatoka kwa mlango wa pili uliotazamana na ubavu wa Fifi. Alilegeza kamba za tumboni, akaingia chini ya kifuniko kama mtu anayeingia ndani ya chandarua, na ndoo yake.

Kwanza alipaka sabuni ya kufulia, nzito, kila mahali mkono wake ulipofika, ili kitakachokuja juu yake kisishikane na rangi. Siku ya pili alileta uji wa muhogo aliouchanganya na majivu, akaubandika kwa kiganja: hapa mnene, pale mwembamba. Mle ndani kulikuwa na joto la tanuri. Kwenye kapo alisita, kwa maana mahali sabuni ilipokuwa nyembamba, kijani kile kilikuwa kimemwonyesha uso wake mwenyewe, umetoka jasho, kilemba upande.

"Pole, mbanda," alinong'ona, akajipaka yeye mwenyewe kwenye kioo kile, pua na mashavu, mpaka akatoweka. Itakuwa uongo kusema kwamba mkono wake haukufurahi kidogo.

Uji ulipokauka ukapasuka, ukajikunja. Ndipo akaongeza mapambo. Vumbi la tofali pembezoni mwa nyufa. Masimbi ya kahawa, yakitiririka kutoka madirishani kama usaha wa zamani. Na matone ya mawese, manene, mekundu, kwa vidonda vilivyo wazi. Alirudi nyuma hatua moja, kadiri kifuniko kilivyomruhusu, akaitazama kazi yake kama alivyokuwa akilitazama gauni la bibi harusi kabla ya kukata uzi wa mwisho. Akamfunga Fifi kamba zake.

Jumamosi Lionel alikuja na suti nyeupe. Tina alikuwa ameketi ndani ya pikapu ya samaki ya baba yake, gauni limejaa mpaka dirishani, glavu mpaka viwikoni. Nyuma yao walikuja wasimamizi, wapiga ngoma na nusu ya mtaa, maana hakuna vita vinavyoweza kuwazuia watu wa Bunia kutazama harusi ya mtu wasiyempenda. Hippolyte alitolewa chumbani aje kukabidhi funguo. Alizishika kama anashika mkono wa maiti.

"Fungua," Lionel alimwambia Marcellin.

Kifuniko kikavutwa. Kwanza ilitoka harufu, ya uchachu, ya kitu kilichosahauliwa sufuriani. Kisha watu wakaona.

Halafu Hippolyte alipiga yowe. Halikuwa yowe la kuigiza. Watu wa mbali walidhani kuna aliyepigwa risasi. Aliketi chini palepale, kwenye vumbi, na koti lake la Jumapili, akalia kama mtoto, akiita, "Fifi! Fifi yangu!" Léonie alimtazama na moyo ukamchoma. Akatazama kando.

Lionel alikuwa amegeuka rangi. Alichomoa bastola.

"Weye mama! Ulifanya nini?"

"Miye?" Mdomo wake, kama kawaida, ulitangulia. "Mukubwa, nani alikataza kufungua? Mi nilisema rangi itagonjwa!"

"Alisema!" Mama Élise alipiga kelele kutoka juu ya ua. "Siye bote tulisikia! Alisema mara mbili!"

Umati ukanung'unika kwamba ndiyo, alisema. Lionel akamgeukia mlinzi.

"Marcellin. Kuna mutu alifungua hii nguo?"

Marcellin alifikiri. Kama alikuwepo mtu aliyefungua, basi yeye alikuwa wapi? Alikuwa anakula. Ilikuwa rahisi kuona ni nani angepigwa.

"Hata inzi, mukubwa," alisema, macho mbele.

Lionel akasogea karibu na Fifi. Akanyoosha kidole, akashika kipande kilichojikunja mlangoni, akaanza kukibandua kwa ukucha. Chini ya kipande kile kulikuwa na sabuni, na chini ya sabuni kulikuwa na kijani.

"Usiguse!" Ilikuwa sauti ya Tina. Alikuwa ametoka nusu dirishani, kitambaa cha kichwa kimemwangukia jichoni. "Lionel! Na mukono ile ndiyo utanivalisha pete? Iko na ukoma, ile gari! Angalia, inatoka damu!"

"Tina, ni rangi tu…"

"Mi siingie mule! Nguo yangu iko mweupe! Ukitaka kuoa, uoe ile gari!"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakimeza haraka. Lionel akafuta kidole chake kwenye suruali, akagundua ni suruali nyeupe, akatukana. Alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kuchukua, kwa sababu mtu kama yeye haondoki mikono mitupu. Akakiona kifuniko. Akaamuru kitandikwe ndani ya pikapu, gauni la Tina lisishike harufu ya samaki. Ndivyo walivyokwenda kanisani, bibi harusi amekalia koti la Fifi, flanela juu.

Marcellin alikuwa wa mwisho kuondoka. Alipopita karibu na Léonie aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, ingawa alikuwa amevaa ndala.

"Mama, ile madesu ya jana ilikuwa na harufu ya muhogo."

Léonie alikaza kitenge chake kiunoni.

"Mi sikuona kitu," aliendelea Marcellin. "Lakini kesho nitapita kwa kula."

Akapita kweli, kesho yake na siku nyingi zilizofuata.

Ua ulipobaki mtupu, Léonie alimwinua mumewe, akamwingiza jikoni, akamweka juu ya kigoda na kumweleza yote. Alitegemea kukumbatiwa. Hippolyte alimsikiliza mpaka mwisho, kamasi zinamtoka.

"Sabuni gani?" aliuliza.

"Ya kufulia."

"Ya soda? Mama Véro, soda itakula rangi!" Akasimama mbio, akashika ndoo ya maji. Léonie akamtangulia mlangoni na mchi wa kutwangia sombe ya majani ya muhogo.

"Baba Véro, ukimwagia ile gari hata tone moya, mi mwenyewe naenda kuita Lionel. Itabaki vile mpaka vita iishe."

"Mpaka vita iishe!"

"Mpaka iishe."

Hapo ndipo mateso ya Hippolyte yalipoanza hasa. Gari alikuwa nalo, lakini alilazimika kuliendesha likiwa na sura ile. Akipita sokoni watu walisogea kando na kuziba pua. Mvua zilipoanza, Fifi alikaa chini ya mabati ya baraza, na mahali palipobanduka Léonie alirudishia kiraka, sabuni kwanza, halafu uji, kama mwanamke anayejitia poda. Vikundi viliingia na kutoka, Lionel mwenyewe akatoroka mjini na wakubwa wake, na kila wageni wapya walipokuja kutafuta magari, walimtazama Fifi, wakaenda kwa jirani.

Mwezi wa tano mji ukawaka tena, vibaya kuliko mwanzo. Watu walianza kutoka kwa barabara ya kusini kuelekea Beni, kwa miguu, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Hippolyte alikuwa ameficha petroli kidogo. Alimpakia Léonie na cherehani yake, Mama Élise aliyekuwa na mguu mbaya, wajukuu wa Mama Élise, na mzee mmoja fundi saa ambaye hakuna aliyejua aliingia saa ngapi. Sufuria na magodoro waliyafunga juu.

Walikuwa wamekwenda mwendo mzuri kidogo mvua ilipowashukia. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya Ituri, ile inayomwagika kama mtu amepindua pipa. Hippolyte akawasha vifagio vya kioo. Vilipiga mara moja, mara mbili, na kioo kikajaa povu.

"Mama Véro," alisema polepole. "Ulipaka sabuni kiasi gani?"

"Nilipaka ya kutosha."

Fifi alitoa povu kwenye kapo, milangoni, kwenye magurudumu. Uji ulikuwa ukishuka kwa mabonge, na nyuma yake, mstari kwa mstari, kijani kilikuwa kinatokea. Na mbele, kwenye kona, kulikuwa na kizuizi: gogo katikati ya barabara na wanaume wenye bunduki chini ya turubai.

"Simama," alisema Léonie.

"Bataiona rangi!"

"Usiposimama batapiga. Simama, na uso wako uangalie chini."

Hippolyte alisimama, akaangalia chini. Mwanaume mmoja akatoka kwenye mvua, bunduki mbele. Akafika kwenye kapo, akakwama. Povu lilikuwa linachemka, jeupe na jekundu kwa vumbi la tofali, likimwagika mpaka miguuni pake.

"Hii ni nini?" aliuliza, akirudi nyuma.

Léonie akashusha kioo.

"Asidi ya batri, baba. Ilimwagika yote. Inakula gari, unaona vile inatoka? Ilikwisha kula rangi, sasa iko inakula chuma. Uangalie miguu yako."

Mwanaume aliangalia miguu yake. Alikuwa na ndala za plastiki, na povu lilikuwa limeshafika kwenye kidole gumba. Aliruka kama chura.

"Nyinyi mumekaa ndani ya kitu kama hii?"

"Tufanye namna gani, baba? Tunataka kufika kabla haijafika kwa viti."

Nyuma, Mama Élise alianza kulia kwa sauti, akiita watakatifu wote wa kalenda, na mpaka leo anaapa kwamba hakuwa anaigiza. "Toa gogo! Toa gogo bapite na uchafu wao!" alipiga kelele mwanaume, akikimbilia dimbwini kunawa miguu. Gogo likavutwa. Hippolyte aliondoka polepole, kwa adabu, na baada ya kona ya pili alikanyaga mafuta mpaka sufuria juu zikaimba.

Mvua ilikatika walipokuwa wamekwisha kuvuka hatari kubwa. Hippolyte akasimamisha gari mahali penye jua, na watu wakashuka kunyoosha miguu. Fifi alikuwa kijani, safi, maji yanamtiririka. Hippolyte alimzunguka. Alipofungua magodoro ili yapate jua, alikuta juu ya paa sehemu pana kama sinia, upara mtupu, bati linaonekana. Huko Léonie hakuwa amefika na sabuni. Mkono wake ulikuwa mfupi, akarusha uji peke yake, nao ulipobanduka uliondoka na rangi. Hippolyte aligeuka kumtafuta mke wake. Alikuwa amekwenda kichakani kitambo, na kichaka kilikuwa kinacheka.

Walikaa Beni mpaka wanajeshi wa kigeni walipofika Bunia na watu wakaanza kurudi. Huko Beni Léonie alisema kwamba mtu aliyepaka gari ukoma kwa mikono yake ana haki ya kuliendesha, na Hippolyte alikubali kumfundisha. Asubuhi ya kwanza alimweka kwenye usukani, akakaa kando, mkono kifuani. Fifi alishtuka, akasonga, akashtuka tena, kisha ubavu wake ukakwaruza kona ya ukuta wa shule kwa sauti iliyowatoa wanafunzi darasani. Hippolyte alishuka. Aliutazama mkwaruzo, mrefu toka mlango mpaka mlango. Akarudi ndani, akafunga mlango taratibu.

"Endelea," alisema. "Lakini shika upande ya kuume."